Mkulima mdogo ni mdogo kwa kipimo cha nani?

KUNA msamiati tunaoutumia kila uchao bila kuutia mizanini: "mkulima mdogo". Tunausikia redioni, bungeni na katika hotuba za mawaziri. Anayetajwa hivyo huwa ni mama au mzee mwenye ekari mbili tatu za mahindi na maharagwe, labda na ng'ombe mmoja wa maziwa na mashina kadhaa ya kahawa au majani chai. Huenda ana miaka sitini na wajukuu tele, lakini bado ni "mkulima mdogo".

Mdogo kwa kipimo gani? Umri? Kimo? Akili? Msomaji anaweza kudhani haya ni mambo ya walimu wa sarufi, watu waliozoea kutafuta chawa kwenye upara. La hasha. Neno hili lina historia, na historia hiyo inaingia moja kwa moja katika safari ya taaluma iitwayo uchumi wa kilimo. Kwa zaidi ya karne moja wataalamu wa taaluma hii wamekuwa wakibishana, wakati mwingine bila kujua kwamba wanabishana, kuhusu swali moja: je, huyu mtu wa jembe anajua anachokifanya, au anahitaji kufundishwa kila kitu?

Mara nyingi, taaluma hii ilisonga mbele pale mtafiti alipokubali kwamba huenda mkulima anajua jambo ambalo yeye mtafiti hajalihesabu.

Daftari la Tellow

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mjerumani mmoja, Johann Heinrich von Thünen, aliishi kana kwamba alifundishwa methali hiyo. Mwaka wa 1810 alinunua shamba kubwa la Tellow, katika eneo la Mecklenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Kwa miaka mingi akawa anaandika kila kitu: kazi iliyofanywa, nafaka iliyovunwa, gharama ya kuisafirisha hadi sokoni. Kutokana na daftari hilo alichapisha mwaka wa 1826 kitabu ambacho wengi hukitaja kama chimbuko la uchumi wa kilimo.

Hoja yake ni nyepesi kueleza. Tuseme kuna mji mmoja katikati ya uwanda wenye rutuba sawa kila mahali. Ni nini kitakachoamua zao la kupandwa wapi? Jibu lake: umbali kutoka sokoni. Mboga na maziwa, ambavyo huharibika haraka, vitatoka karibu na mji. Nafaka itatoka mbali zaidi. Mifugo, ambayo hujisafirisha kwa miguu yake, itatoka mbali kabisa. Hata leo ukitoka Nairobi ukapitia Kiambu penye sukumawiki na maziwa, ukafika Trans Nzoia penye mahindi, kisha ukaelekeza macho Marsabit kwa wafugaji, utauona mchoro wa Thünen, ijapokuwa mvua na udongo navyo vina usemi wao.

Thünen alikuwa mkulima aliyechunguza shamba lake mwenyewe. Waliomfuata walikuwa watu wa chuo. Nchini Marekani, Henry C. Taylor aliandika kitabu cha kufundishia somo hili mwaka wa 1905, na mwaka wa 1909 Chuo Kikuu cha Wisconsin kikaanzisha idara ya uchumi wa kilimo chini yake. Chama cha wataalamu wa nchi hiyo kikaundwa mwaka wa 1919. Miaka kumi baadaye, Mwingereza Leonard Elmhirst aliwaalika wataalamu wa mataifa mbalimbali nyumbani kwake Dartington Hall, na kutokana na mkutano huo wa 1929 kukazaliwa chama cha kimataifa. Mwaka wa 1976 chama hicho kilifanya kongamano lake hapa Nairobi.

Wengi wa waasisi hao walimwazia mkulima kama mfanyabiashara: analipa vibarua, anauza mazao, anahesabu faida. Kwa mashamba ya Wisconsin hilo halikuwa na tatizo kubwa. Lakini je, familia inayolima kwa mikono yake na kula sehemu kubwa ya inachovuna?

Aliyeuliza swali hilo kwa kina alikuwa Mrusi, Alexander Chayanov. Katika miaka ya 1920, yeye na wenzake walitumia takwimu nyingi zilizokusanywa vijijini Urusi. Chayanov aliona kwamba familia haijilipi mshahara. Haiulizi tu "faida ni ngapi?" Inalinganisha midomo ya kulishwa na uchovu wa mwili. Nyumba yenye watoto wengi wadogo itajichosha zaidi. Watoto wakikua na kushika majembe, mzigo unapungua. Hesabu ipo, ila si hesabu ya duka.

Chayanov alilipia fikra zake. Serikali ya Stalin ilitaka mashamba ya pamoja, naye alikuwa akisema shamba la familia lina mantiki yake. Alikamatwa mwaka wa 1930 na kuuawa kwa risasi mwaka wa 1937. Kazi yake kuu ilikuja kusomwa kwa upana baada ya kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka wa 1966. Kwa takriban miaka thelathini dunia iliendelea kujadili wakulima wa Afrika na Asia bila ya kumsikia.

Elimu ya walowezi

Hebu turudi nyumbani. Katika Kenya ya ukoloni, uchumi wa kilimo ulikuwa elimu ya kumhudumia mlowezi. Chuo cha Egerton pale Njoro kilianza mwaka wa 1939 kama shule ya kuwafunza vijana wa Kizungu ukulima. Udhibiti wa soko la mahindi ulipoanzishwa mwaka wa 1942, wakati wa vita, mlowezi alihakikishiwa bei iliyozidi aliyolipwa Mwafrika kwa mahindi yake. Kahawa nayo, ukiacha sehemu chache kama Meru na Kisii, Mwafrika alizuiwa kuipanda.

Sasa fikiria mtaalamu anayefika katika mazingira hayo na kuandika kwamba Mwafrika "hana mwamko wa kibiashara". Amefungiwa zao lenye faida, amepunjwa bei, kisha analaumiwa kwa kutotajirika! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mabadiliko yalikuja kwa shinikizo la vita vya Mau Mau. Mwaka wa 1954 Roger Swynnerton, afisa katika idara ya kilimo, aliandika mpango uliobeba jina lake. Ulipendekeza vipande vya ardhi viunganishwe, hatimiliki zitolewe, na Waafrika waruhusiwe kupanda mazao ya biashara. Lengo lilikuwa kupandisha mapato ya familia kutoka kama pauni 10 kwa mwaka hadi pauni 100 au zaidi.

Ni haki kukiri kwamba mpango huo ulifungua milango. Kahawa, chai na ng'ombe wa gredi vikaingia katika mashamba ya Waafrika. Lakini mpango uleule ulitarajia waziwazi kwamba wenye uwezo wangejiongezea ardhi na maskini wangeipoteza, hadi kuwe na tabaka la wenye mashamba na tabaka la wasio nayo. Kesi za ardhi zinazojaza mahakama zetu leo zina mizizi katika mambo mengi, na huo ni mmojawapo. Uchumi ulihesabu pauni. Haukuhesabu nani angebaki nje ya ua.

Maskini, lakini si mjinga

Mwaka huohuo wa 1954, Arthur Lewis, msomi kutoka kisiwa cha Saint Lucia, alichapisha makala mashuhuri. Alisema nchi maskini zina nguvukazi tele katika sekta ya jadi, ambayo inaweza kuhamishiwa viwandani pasipo uzalishaji kuathirika sana. Watawala wa mataifa mapya waliipenda hoja hiyo. Kilimo kikaonekana kama ghala la kuchota watu na kodi.

Miaka kumi baadaye alijibiwa. Theodore Schultz wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwana wa mkulima, alichapisha mwaka wa 1964 kitabu kuhusu kugeuza kilimo cha jadi. Alitegemea uchunguzi uliofanywa katika vijiji viwili, Panajachel nchini Guatemala na Senapur nchini India. Alidai kwamba wakulima wa huko walikuwa maskini lakini walitumia walichokuwa nacho kwa ufanisi. Umaskini wao haukutokana na kutojua kupanga. Ulitokana na kukosa mbegu, maarifa na zana bora za kuwekezea. Kwa kejeli ya historia, Lewis na Schultz walituzwa pamoja Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 1979.

Kauli ya Schultz nayo ilipigwa msasa. Mwaka wa 1968 Michael Lipton alikumbusha kwamba mkulima anayetegemea mvua hatafuti mavuno makubwa kabisa. Anatafuta kunusurika mwaka mbaya. Atapanda mtama kando ya mahindi hata kama mahindi yanalipa zaidi, kwa sababu mtama utasimama jua likiwaka. Anayemwita mvivu hajawahi kuomba unga kwa jirani mwezi wa Juni.

Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, kilipata taasisi ya utafiti wa maendeleo mwaka wa 1965. Katika miaka hiyo, mwanauchumi Judith Heyer alichunguza mashamba ya Masii, huko Machakos. Alitafuta kwa hesabu mpango bora wa shamba, akizingatia ardhi iliyopo, mikono iliyopo msimu kwa msimu, na mvua isiyotabirika. Hilo lilikuwa jambo jipya. Mkulima wa Ukambani alianza kuchunguzwa kama mtu anayefanya maamuzi magumu chini ya vikwazo vinavyopimika.

Mbegu kutoka Kitale

Hakuna mahali ambapo safari ya taaluma hii inaonekana wazi kuliko katika mahindi chotara. Mwaka wa 1957 Zvi Griliches alionyesha kwamba kasi ya wakulima wa Marekani kupokea mahindi chotara ilitegemea faida waliyoitarajia. Walioko Iowa waliharakisha kwa kuwa ililipa. Kwingineko walisubiri kwa kuwa haikulipa bado.

Wakati huo, kituo cha utafiti cha Kitale, chini ya Michael Harrison, kilikuwa kikizalisha mbegu mpya kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na aina kutoka Ecuador. Chotara ya kwanza ya mchanganyiko huo, H611, ilitolewa mwaka wa 1964. Kumbe yule yule aliyeitwa mkaidi aliipokea! John Gerhart, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1975, aligundua kwamba katika maeneo ya magharibi yenye mvua nzuri mbegu hiyo ilienea kwa kasi isiyopitwa na ile ya Iowa.

Lakini kasi hiyo ilififia, na wengine hawakuipanda kabisa au waliipanda msimu huu na kuiacha ujao. Kwa nini? Jibu zuri lilihitaji takwimu za miaka mingi. Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton, chuo kilekile kilichoanza kwa ajili ya walowezi, ilianza mwaka wa 1997 kuzitembelea familia zilezile tena na tena. Kwa kutumia takwimu hizo, Tavneet Suri alichapisha mwaka wa 2011 matokeo ya kushangaza: miongoni mwa wasiotumia chotara walikuwemo ambao mashamba yao yangefaidi mno. Kilichowazuia ni gharama ya kuifikia mbegu na mbolea, kwa sababu ya umbali na barabara mbovu. Wengine waliokuwa wakiingia na kutoka walikuwa na sababu nzuri: kwao faida ilikuwa karibu na sufuri.

Thünen angetabasamu kaburini. Umbali ule ule!

Fanya juu

Machakos nako kulikuwa na somo. Mwaka wa 1937 afisa wa ukoloni, Colin Maher, aliandika ripoti ya kutisha kuhusu mmomonyoko wa udongo huko. Wengi waliamini kwamba watu wakizidi, ardhi itakufa. Mwaka wa 1965 Ester Boserup, mwanauchumi wa Denmark, alipinga fikra hiyo kwa jumla: watu wakiongezeka huilazimisha jamii kubuni mbinu za kulima vyema zaidi.

Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha mwaka wa 1994 kitabu kuhusu Machakos kilichoonekana kumuunga mkono Boserup. Tangu miaka ya 1930 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno kwa kila mtu yamepanda. Vikundi vya mwethya, ambamo wanawake walikuwa wengi, vilikuwa vimechimba matuta milima kwa milima. Mtindo wa kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu uliitwa "fanya juu", na hadi leo vitabu vya Kiingereza vya kuhifadhi udongo huuita hivyo hivyo.

Sifa hizo hazikukosa wa kuzihoji. Wengine walionyesha kwamba waliofanikiwa zaidi ni wenye jamaa walioajiriwa Nairobi na Mombasa waliotuma fedha nyumbani, na kwamba maskini waliachwa nyuma. Naye Boserup mwenyewe alikuwa ameandika mwaka wa 1970 kuhusu kazi ya mwanamke shambani, kazi ambayo takwimu zilikuwa hazioni. Kwa muda mrefu mtafiti alibisha hodi, akauliza "mwenye boma yuko wapi?" na kumhoji mwanamume, ilhali aliyejua idadi ya debe zilizobaki ghalani alikuwa jikoni.

Nusu kijiko cha mbolea

Zamu ya mwisho ni ya majaribio. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walikwenda Busia na kufanya mashambani kile madaktari hufanya na dawa: kuwagawa wakulima kwa kura na kulinganisha matokeo. Waligundua kwamba nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shina kilileta faida ya karibu asilimia 70 kwa mwaka. Lakini kifurushi kamili kilichopendekezwa na wizara, yaani mbegu chotara pamoja na mbolea ya kupandia na ya kukuzia, hakikuwa na faida kwa mkulima wa wastani katika majaribio hayo. Yaani aliyekataa ushauri wa serikali alikuwa, kwa hesabu, hajakosea.

Basi kwa nini hata ile nusu kijiko wengi hawakuitumia? Kwa sababu fedha hupatikana wakati wa mavuno na mbolea hutakiwa miezi kadhaa baadaye. Katikati kuna karo, matibabu na matanga. Watafiti wakabuni mpango wakauita SAFI: mkulima alipie mbolea pindi tu anapovuna na aletewe bure nyumbani. Katika makala ya mwaka wa 2011 walionyesha kwamba hatua hiyo ndogo iliongeza matumizi kwa kiasi kilicholingana na kupunguza bei kwa nusu. Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walituzwa Nobel mwaka wa 2019.

Mwaka huohuo wa 2019, Marshall Burke na wenzake walieleza kwa nini mkulima wa magharibi huuza mahindi bei ikiwa chini, kisha akanunua gorogoro kwa bei ya juu miezi michache baadaye. Si kwamba hajui bei itapanda, anajua sana. Ila karo haingoji. Alipopewa mkopo wakati wa mavuno, aliyahifadhi mahindi yake na kufaidika. Mikopo hiyo ilipotolewa kwa wengi mahali pamoja, bei ya soko yenyewe ilitulia, hata ambao hawakukopa wakanufaika.

Majaribio haya yana mipaka. Yanaeleza vizuri habari za kijiko cha mbolea. Hayaelezi nani aligawa ardhi, wala kwa nini mnunuzi wa chai au miwa ndiye anayepanga bei. Kizazi kilichobishana kuhusu mpango wa Swynnerton kiliuliza maswali makubwa kwa takwimu chache. Kizazi hiki kina takwimu nyingi na, wakati mwingine, maswali madogo.

Deni la lugha

Haya yote yananirudisha kwenye lugha. Mama wa Busia alihojiwa kwa Kiswahili, Kiteso au Kiluhya. Majibu yake yakatafsiriwa, yakawa nambari, nambari zikawa makala ya Kiingereza katika majarida ambayo hata maktaba zetu hutatizika kuyalipia. Elimu hiyo imefika Chicago na Stockholm. Je, imerudi Busia? Kama imerudi, ni kwa sura ya agizo: panda hivi, weka hivi.

Katiba ya mwaka wa 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sioni ugumu wa vyuo vikuu vyetu kudai kwamba kila tasnifu ya uchumi wa kilimo iwe na muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili ambao afisa wa kilimo nyanjani anaweza kuusoma mbele ya baraza la chifu. Asiyeamini kwamba Kiswahili kinaimudu kazi hiyo aangalie "fanya juu": watafiti wa Kiingereza walipokosa neno bora, walilichukua letu.

Tena kazi hiyo itainufaisha taaluma yenyewe. Mkulima akisomewa matokeo yake atauliza maswali, na katika historia niliyoisimulia hapa, swali la mkulima ndilo mara nyingi limemwonyesha msomi alipopotoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tunaweza kuanza na neno tulilolianzia. Ukubwa au udogo tunaoupima ni wa shamba. Basi kivumishi kikae panapostahili. Tuseme "mkulima wa shamba dogo" au "mwenye shamba dogo". Ni maneno machache ya ziada, lakini yanamwondolea binadamu udogo ambao hakuustahili. Mwenye shamba dogo amezisubiri mvua zisizokuja, ameikataa mbolea isiyomlipa, na ameyauza mahindi yake kwa hasara akijua fika hasara ni ngapi, ili mtoto aende shule. Huyo si mdogo.